Leseni ya Jiko la Magurudumu

Nitegulie hiki, wewe uliyekaa karibu na moto: yuko mpishi, analisha makabila yote ya dunia, mwenyewe hajameza tonge hata moja. Ni nani?

Waza kidogo. Usinitajie mwiko, mwiko hulambwa na watoto mpaka ukang'aa. Umeshindwa? Basi nipe mji. Usinipe Unguja wala Dar es Salaam, miji hiyo nimepewa hata nimechoka kuitawala. Nipe Tabora. Haya, nimekwenda Tabora, nimelamba asali yake, nimekaa kibarazani nikatandikiwa mkeka, na jibu lako ni hili: chungu. Chungu hulisha wote, chenyewe hakili.

Ila Tabora niliyopewa ni ile ya zama za Mwingereza, miaka ile Wazungu walipokuwa wakilima karanga Urambo, na mji huo ulikuwa na chungu kimoja chenye miguu miwili na jina la baba. Kiliitwa Kuluthumu binti Lugembe, wa mtaa wa Ng'ambo.

Kuluthumu alikuwa akiuza wali stesheni. Gari la moshi la kutoka pwani likifika Tabora hugawanyika: wa Kigoma hapa, wa Mwanza pale, na katikati ya kugawanyika huko watu husikia njaa. Ndipo unapomwona Kuluthumu anatokea na mkokoteni wake. Mkokoteni wenyewe alikuwa ameuunda mumewe, Mfaume, fundi bati, kwa magurudumu mawili ya baiskeli na mabati ya madebe. Mbele seredani yenye makaa, katikati sufuria mbili, nyuma ndoo ya maji na sahani. Mfaume alisukuma, Kuluthumu alipakua. "Wali wa moto! Kisamvu cha karanga! Ukifika Kigoma utanikumbuka!" Mfaume ndiye aliyekuwa na sauti. Kuluthumu yeye alikuwa na mkono.

Kisha gari likiondoka, moshi ukitawanyika juu ya miyombo, wawili hao waliketi nyuma ya tangi la maji, wakateremsha sinia, wakala kilichobaki. Mfaume alikuwa na mdomo. "Leo umewapunja Wamanyema nyama, mke wangu. Wakifika kwao watatangaza vita." Kuluthumu naye: "Wewe mla ukoko, vita utapigana wewe." Wanakula, wanachekana, wanarudi Ng'ambo mkokoteni ukilia kwiyo, kwiyo.

Mfaume akafa. Homa ilimpata masika, haikumwacha aone kiangazi. Hawakujaliwa watoto. Matanga yakaanuliwa, ndugu wakarudi makwao, na Kuluthumu akamaliza eda yake ndani ya nyumba iliyokuwa kubwa kila siku kuliko jana.

Alipotoka eda, kitu cha kwanza alichokifanya ni kutia mafuta magurudumu. Watu walisema, ama, mjane huyu ana haraka ya pesa. Hawakujua. Nyumbani hakuna mtu aliyemwita jina tangu asubuhi hadi jioni. Stesheni, gari likisimama tu, vichwa vinachomoza madirishani: "Mama Wali! Mama Wali, huku!" Hata kama si jina lake, aliitika.

Akasukuma mwenyewe, akapakua mwenyewe. Ila nyuma ya tangi la maji hakukaa tena. Babu yake Kuluthumu, mzaa baba, alikuwa mpagazi wa misafara, amebeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani, na alikuwa akiwaambia wajukuu wake: njia ile haikumjua mtu aliyekula peke yake. Kila kambi na chungu chake, kila chungu na watu wake, mikono inakutana ndani. Aliyejitenga na tonge lake alitazamwa kwa jicho la pembeni, akaogopwa, na mzigo wake haukukaribiwa na mtu. Kwa hiyo Kuluthumu, mwanamke aliyepika sufuria mbili kila siku, alikuwa akishinda kwa muhogo wa kuchoma na karanga za mkononi, anatafuna amesimama, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kutafuna umesimama si kula. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Basi mwaka huo kambi ya manamba, wale vijana waliokuwa wakikusanywa Tabora kupelekwa kwenye mkonge, ikapigwa na ugonjwa wa kuhara. Serikali ikashtuka. Ikatoka amri mpya ya mji: hakuna kuuza chakula kilichopikwa bila leseni, na leseni haitolewi bila Bwana Afya kuridhika.

Siku ya kwanza ya amri, askari wa stesheni, mtu mrefu aliyekuwa akila wali wa Kuluthumu kila Jumamosi, alisimama mbele ya mkokoteni akiwa ameona haya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo mapema, wali haujaiva."

"Sikuja kula, mama. Leseni."

"Leseni ya nini?"

"Ya hiki." Akaugusa mkokoteni kwa rungu, taratibu, kama mtu anayegusa ng'ombe wa mwenzake. "Huna, rudi nyumbani. Nikikuona tena bila karatasi, naambiwa niupeleke Boma, ukalale uani kule na kutu."

Kuluthumu akaenda Boma. Ile ngome ya Mjerumani, kuta nene, ndani baridi hata jua la Oktoba likiwaka. Karani alikuwa Bernardo, Mkristo wa Isevya, kijana mwenye kalamu sikioni na maneno mdomoni.

"Mama, unataka leseni ya hoteli?"

"Sina hoteli, mwanangu."

"Ya uchuuzi, basi. Khanga? Shanga? Sindano na uzi?"

"Wali."

Bernardo akashusha kalamu. "Wali ni hoteli. Hoteli ina kuta nne na choo. Mchuuzi anatembea, lakini anatembea na vitu vikavu. Wewe una wali, na wali wako unatembea?"

"Una magurudumu."

"Ama!" Karani akawageukia wenzake. "Jamani, hapa kuna hoteli ina magurudumu. Tuiandike mtaa gani, ikikimbia je?"

Wakacheka, naye Kuluthumu akacheka, maana ulikuwa muda mrefu hajachekwa na mtu. Alicheka hata baada ya wao kunyamaza. Bernardo akamtazama, akaingiwa na huruma, akafungua kabati.

"Sikiliza, mama yangu. Tutakuandika mchuuzi, halafu chini tutaongeza chakula. Lakini nenda kwanza hospitali wakupime. Kisha Bwana Afya atakuja kwako akague jiko, maji, choo, na hicho kigari. Atakuja na mwenye mtaa wako awe shahidi. Bwana Afya akitia sahihi, mimi nakugongea muhuri siku hiyo hiyo. Asipotia, hata ukinililia mimi, sina la kufanya."

"Na huyo Bwana Afya ni mtu wa wapi?"

"Eustace? Mgeni. Katoka Bukoba. Hacheki."

Hospitali wakampima makohozi, wakamchoma sindano, wakamwuliza kama ametapika, kama ameharisha, kama nyumbani kuna mgonjwa. "Nyumbani hakuna mtu," alisema. Dresa, msaidizi wa daktari, akaandika kwamba nyumba ni safi.

Kwa mwenye mtaa hakukuwa na taabu. Mzee Omari alikuwa amemjua Mfaume tangu ujana, na alikuwa mtu wa kupenda kuitwa shahidi. Ila Kuluthumu alikuwa na hofu yake kubwa, naomba uishike hii: shemeji yake wa Urambo alikuwa amekwisha tuma salamu hizi: Mke wa ndugu yangu asikae peke yake mjini kama kinyago, aje kwangu, kuna chumba nyuma ya jiko. Kuluthumu alikiona chumba hicho zamani, walipokwenda na Mfaume kusalimia. Alijua akikosa leseni ndiko atakakokwenda, na akienda huko atakuwa mtu wa kupewa chakula mlangoni kwenye kibakuli, mpaka kufa kwake. Hakuna dirisha la gari litakalomwita tena.

Kwa hiyo siku ya ukaguzi alijitahidi. Alifagia ua mara mbili. Alichimba shimo la maganda, akalifunika. Maji aliyateka kisimani Chemchem alfajiri, akayachemsha, akayafunika. Mkokoteni aliusugua kwa majivu mpaka mabati yale ya madebe yakawa kama fedha za Kihindi. Akapika wali na kisamvu cha karanga, kile kile cha stesheni.

Wakaja. Eustace alikuwa kijana mwembamba, kaptula ya kaki imepigwa pasi ikasimama yenyewe, kofia mkononi.

"Hodi hapa."

"Karibuni. Karibu Bwana Afya. Mzee Omari, shikamoo."

"Marahaba, binti Lugembe. Ua wako leo unaogopesha, mtu anaona haya kukanyaga."

Eustace akakagua. Alichungulia mtungi, akaunusa. Akaenda chooni, akarudi. Akafunua makawa yaliyofunika vyakula, akatafuta nzi, akamkosa hata mmoja. Akaupapasapapasa mkokoteni, akauliza maji ya kuoshea sahani yanamwagwa wapi. Akaambiwa. Akatikisa kichwa kukubali, na kwa mtu asiyecheka, hiyo ilikuwa sawa na kicheko.

Ndipo Mzee Omari, kwa uzuri tu wa moyo wake, akasema, "Bwana Afya, kwetu huku kuna la mwisho. Mpishi huonja mbele ya mlaji. Hata pombe ya mtama, anayekupa hunywa kwanza, akaondoa shaka. Ukiona ameonja, andika, umemaliza."

"Ni vizuri," Eustace akasema. "Na aonje."

Kuluthumu akafanya kama alivyolelewa. Akatandika mkeka, akaleta sinia, akapakua wali ukajaa, kisamvu katikati, akaleta birika na bakuli, akamnawisha Mzee Omari kwanza. Alipomfikia Eustace, kijana yule akarudisha mikono nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakunawisha, baba."

"Umenipakulia mimi? Nimekuja kukukagua, unaniandalia karamu?" Uso ulikuwa umemwiva. "Hii ndiyo inayoitwa rushwa. Mimi siruhusiwi kula kwa mtu ninayemkagua, hata kunywa maji. Wala shahidi wangu."

Mzee Omari, ambaye mkono wake ulikwisha lowa, akaufuta kwenye kanzu polepole.

"Kula wewe," Eustace akasema. "Sisi tunatazama."

Sasa mwone Kuluthumu. Yuko mkekani peke yake, sinia la watu watatu mbele yake, wanaume wawili wamesimama wanamtazama mdomo. Alinawa. Akafinyanga tonge. Tonge likapanda, likafika midomoni, likasimama hapo. Mkono ukashuka. Akajaribu tena. Wali ukaanguka kutoka vidoleni chembe chembe.

"Mbona huli?" Eustace akauliza.

Kuluthumu akanyoosha mkunjo wa mkeka.

"Mama, nimekuuliza. Chakula unachowauzia watu, wewe mwenyewe mbona hukili?"

Alikuwa na jibu la babu, la njia na misafara. Lingetosha, pengine. Lakini kulisema mbele ya mwenye mtaa ni kusema: sina mtu. Katika Ng'ambo nzima, hakuna mkono unaoingia sinia moja na wangu. Mtu anaweza kuwa hivyo miaka mingi, lakini akilisema kwa kinywa chake, limekuwa. Akainamisha kichwa, akaanza kuokota chembe za wali mkekani, moja moja.

Eustace alingoja. Sitamsingizia, alingoja muda mrefu. Kisha akafunga kalamu yake.

"Sheria hainiambii nikulazimishe kula," alisema. "Inaniambia nijue sababu. Mpishi asiyekula chakula chake, huenda ni mgonjwa. Huenda anajua kuna kitu ndani. Manamba wamekufa kambini, mama, na mimi ndiye niliyewahesabu. Nikipata sababu, natia sahihi. Nitarudi Alhamisi, gari la Mwanza likishapita. Ukininyamazia tena, nitaandika nilichokiona, na kigari kitakwenda Boma."

Ushahidi una miguu, na miguu ya Mzee Omari ilipitia kahawani. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, "Ajabu, binti Lugembe hakionji chakula chake." Maneno yalipotoka upande wa pili wa mtaa yalikuwa yamekwisha vaa kanzu nyingine: Kuluthumu anaweka dawa. Kuluthumu anakusanya nyota za wasafiri. Mfaume naye, mbona alikufa ghafla vile?

Wanawake waliozoea kuja kuomba kaa la moto asubuhi wakaanza kuomba kwingine. Mlango wake haukukatazwa. Uliachwa tu, na watu wakaupita kama inavyopitwa nyumba iliyofungwa.

Aliyebaki ni Koleta, jirani wa nyuma, Mkatoliki, mama wa watoto wengi na sauti nyingi. Hakuingia, alisimama kwenye uzio, nguo za kufua begani, akasalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mwenzangu."

"Mwangaluka."

"Nimesikia umekuwa mchawi. Hata kuniaga hukuniaga."

Kuluthumu akacheka kidogo, machozi yakachungulia. "Uchawi gani, Koleta, mimi nisiyeweza hata kumroga karani."

"Basi fungua mdomo! Mwanamume kakuuliza swali jepesi. Mwambie umefunga. Nyinyi si mnafunga funga nyingine hata si Ramadhani?"

"Sikufunga."

"Uongo mdogo. Sisi huo tunauungama Jumamosi, Jumapili tuko wazima."

"Uongo juu ya sinia, na Mungu ndani yake? Siwezi."

"Basi sema kweli."

Kuluthumu akafuta jicho kwa ncha ya khanga. Koleta akamtazama, naye si mtu wa kutazama kwa muda mrefu, kwake daima kuna mtoto anayeanguka mahali. "Njoo ule kwetu," akasema mwisho. "Kweli. Njoo."

"Nitakuja."

Wote wawili walijua hatakwenda. Kwa Koleta walikuwa wakigombania sinia, viwiko kwa viwiko. Mgeni angepishwa, angepewa mnofu, angetazamwa. Koleta akaitwa na mtoto anayelia, akaondoka mbio.

Jumatano Kuluthumu akavaa baibui lake, akaenda stesheni bila mkokoteni. Gari la kwenda Kigoma liliingia likikohoa. Akasimama pale pale pake pa siku zote. Vichwa vikachomoza.

"Mama Wali! Wali uko wapi?"

"Leo hakuna, wanangu. Safari njema."

"Tumekuja na njaa yako toka Dodoma!"

"Poleni. Mpite salama."

Yule askari mrefu akamsogelea, rungu kwapani. "Mama, bila leseni..."

"Siuzi, baba. Niangalie mikono."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Kuluthumu akatazama madirisha. "Kusalimiwa," akasema.

Askari akarudi nyuma hatua moja. Akavua kofia, akaivaa tena, akaenda kumfokea mtu mwingine mbali kabisa, aliyekuwa hajafanya kosa lolote.

Gari likaondoka. Kuluthumu akabaki kwenye saruji tupu, na reli mbili zikienda zake kila moja upande wake. Alirudi nyumbani kwa njia ndefu, kupitia mtaa ambao hamjui mtu, ili achelewe kufika.

Alhamisi akapika. Hakujua kwa nini anapika, ila mkono ulijua njia. Gari la Mwanza lilipopiga honi ya kuondoka, moyo nao ukapiga. Muda si muda, hodi.

Walikuwa wawili vile vile. Mzee Omari hakumtazama machoni. Eustace alikuwa na vumbi hadi magotini na kaptula leo imelegea. Kuluthumu akatandika mkeka, akaleta sinia. Hakuleta birika. Amejifunza.

"Bwana Afya," Mzee Omari akaanza, akakohoa, "kabla hujauliza, yafaa nikuambie, kama shahidi. Mtaani yanasemwa maneno. Wanasema anawalisha wasafiri vitu. Mimi sisemi. Nasema wanasema."

"Mzee wangu, nimetumwa kukagua nzi," Eustace akasema. "Wachawi wana ofisi yao."

"Lakini mtaa..."

"Naomba unisubiri barazani."

"Mimi ni shahidi!"

"Wa jiko. Jiko umeliona. Tafadhali, mzee."

Mzee Omari akatoka, hasira na aibu zikigombania mgongo wake. Walimsikia akikaa barazani kwa kishindo ili wajue amekaa.

Eustace hakubaki amesimama leo. Alivuta kigoda, akakaa, hatua mbali na mkeka, kofia juu ya goti. Akalitazama sinia. Njaa ilimpita usoni, akaifukuza.

"Nimeuliza habari zako stesheni," akasema. "Askari ameniambia ulikuja jana."

"Sikuuza."

"Najua. Ameniambia ulichomjibu." Akaizungusha kofia. "Mama, mimi sina haja ya kukunyima. Kigari chako ni kisafi kuliko jiko la hoteli mbili nilizozipa leseni mwezi huu. Dresa amesema huna ugonjwa. Kimebaki kitu kimoja tu, na hakimo kwenye maji wala chooni. Sitakiandika. Nikishajua kwamba si sumu na si maradhi, natia sahihi yangu, basi. Lakini lazima nijue. Nisipojua nikatia sahihi, na kesho mtu akafa ndani ya gari, nitawaambia nini mama zao?"

Kuluthumu alisikia kwamba kijana huyu naye anaogopa. Hilo lilimfungua kidogo. Alifungua mdomo aseme kama alivyoshauriwa: nimefunga. Neno likafika kwenye meno, likageuka. Akajaribu la babu: zamani, misafara... Nalo likawa kavu mdomoni, maana alijua, hapo mkekani, kwamba babu alikuwa kisingizio. Babu aliogopa wachawi wa njiani. Yeye hakuwa akiogopa mchawi.

Nje Mzee Omari alikohoa. Kwa Koleta mtoto alikuwa akipigwa, au akicheka, kwa mbali ni sauti moja.

"Ni swali lile lile, mama," Eustace akasema, sasa kwa sauti ya chini, si ya ofisi. "Mbona huli?"

Kuluthumu alilivuta sinia karibu yake. Akasimamisha kiganja kwa ubavu, akapitisha mstari katikati ya wali, toka ukingo hadi ukingo, kama mtu anayegawa shamba.

"Nilikuwa nakula," akasema. "Baada ya eda nilikuwa nakula, baba. Lakini mkono huu unapakua wa watu wawili, nimeukataza hausikii. Nakula upande wangu, nafika hapa katikati, nasimama. Upande wa Mfaume unabaki mzima, haujaguswa. Naufunika kawa. Asubuhi naufunua, nautupia kuku wa Koleta. Kila asubuhi nautupa mimi, kwa mkono wangu. Nikaona bora nisipakue."